Tangi Lililotoka Ardhini

Jirani yetu, fundi cherehani, anaapa alimwona kaka yangu kwa macho yake akilichokonoa tangi la maji kwa mtaimbo mpaka likaruka kutoka ardhini na kumponda mume wangu mguu. Mtaimbo aliuona, sikatai. Ila yeye alichungulia ukutani baada ya kusikia ukelele. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo.

Tangi lile la plastiki lilifukiwa uani, mdomo tu ndio ulikuwa nje. Mvua ilinyesha usiku kucha, ardhi ikashiba maji, tope likaingia tangini. Asubuhi mume wangu akaleta pampu, akaiwasha alikaushe, alisafishe.

"Shemeji, zima," akasema kaka, fundi bomba aliyelifukia. "Maji ya ndani ndiyo yanayolikalisha. Ukiyamaliza, haya ya chini yatalisukuma juu. Ngoja ardhi ikauke."

"Litatembea? Lina miguu?"

Mimi nilimwelewa kaka. Ukizamisha sufuria tupu kwenye karai la maji, inakusukuma mkono. Ukiijaza, inatulia chini.

Kaka akanyoosha mkono kwenye swichi. Mume wangu akamtandika ngumi ya mdomo, akamkalisha topeni. "Tangi langu, nyumba yangu!" Pampu ikanguruma mpaka ikaanza kunyonya hewa.

Tangi likaguna. Ardhi ikapasuka, bomba likakatika, dude zima likachomoka, likalala ubavu na kumbana mume wangu ukutani. Nikasikia mfupa ukivunjika, naye akapiga ukelele. Hapo ndipo kaka, damu ikimchuruzika kidevuni, alipokimbilia mtaimbo, akalibinua, nami nikamvuta mume wangu.

"Anamuua shemeji yake!" jirani akapiga yowe. "Wamepigana, mwoneni alivyopasuka mdomo!"

Watu waliingia bila hodi. Wakamshukia kaka kwa mateke na matofali. Mmoja akamkanyaga kisogo, uso ukazama dimbwini. Nilijitupa juu yake, wakanirusha kando kama tambara. Mwenye duka akauokota mtaimbo, akauinua.

"Aliyeumia aseme mwenyewe!" nikalia.

Wote wakageuka. Mume wangu alikuwa kaegemea mlango, fahamu zake zote anazo. Dimbwini, mapovu yalikuwa yakimtoka kaka puani.

Nikapiga magoti. "Baba watoto, waambie nani aliwasha pampu. Neno moja tu. Nakuomba, waambie."

Akawa anautazama mguu wake.