Kopo Kutoka Nakonde

Daktari Felix aligeuza lile kopo la vidonge mara mbili, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akaliweka mezani mbali na mkono wangu. Sikupenda alivyoliweka.

"Nani alikununulia hivi, mzee?"

"Huyu hapa, mwanangu Recho," baba alijibu kwa majivuno, kikohozi kikamkatiza. "Anafanya biashara Tunduma. Anavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, kuniletea mimi tu."

Ni kweli. Baba yangu, mzee Anyosisye, amelima kahawa na karoti Mbozi tangu sijazaliwa, na karoti zote nzuri zinapanda gari kwenda sokoni. Yeye mwenyewe mboga hagusi, anasema ni chakula cha mbuzi. Nilichoka kubishana naye. Nikamletea hivyo vidonge vya karoti, nikamwambia, "Meza kimoja kila siku, baba. Ni kinga ya saratani." Nilijiona mjanja kweli.

"Anavuta sigara?" daktari aliniuliza mimi.

"Alishaacha!" Kanisa zima ni shahidi. Sikukuu ya mavuno mwaka juzi alitembea mpaka mbele, akaweka mfuko wake wa tumbaku kwenye meza ya sadaka, katikati ya maboga na mahindi. Mchungaji alicheka mpaka machozi. Kwenye mnada baada ya ibada ule mfuko ulikosa mnunuzi, mama akautupa chooni.

Daktari hakucheka. "Kwa mvutaji, hivi si kinga. Watafiti waliwapa wavuta sigara vidonge vyenye beta-karotini nyingi, ile rangi ya karoti, wakitumaini saratani itapungua. Waliomeza wakaugua saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza."

"Kwa hiyo karoti zinaleta saratani?" Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

"Karoti ale, matunda ale, tena sana. Nasema vidonge." Aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kulia palikuwa na doa, dogo kama punje ya kahawa. "Hili sijui ni nini, na siwezi kusema limeletwa na vidonge. Mtaenda Mbeya wapime. Ila lazima nijue leo. Mzee, umeacha kweli?"

Nilimgeukia baba, nikisubiri aape. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake magotini.

"Baba?"

"Nilikuwa nimeacha, mama," alisema polepole, akiniangalia mimi, si daktari. "Miezi minane sikugusa. Halafu ukaniletea kopo. Ukasema ni kinga." Alikohoa tena, safari hii kwa muda mrefu. "Nikaona, kama kinga ninayo, kuna ubaya gani?"

Nilitaka kumfokea. Nilimshika mkono. Vidole vyake vilinuka tumbaku.