Kabla ya Kulitupa Yai

Ganda la yai lilikuwa limekatwa dirisha dogo, upana wa ukucha, na juu yake pakabandikwa selotepu. Mwandishi aliinama akachungulia. Juu ya kiini cha njano palikuwa na kidoa chekundu, kinarukaruka.

"Huo ndio moyo," alisema profesa. "Una siku tatu tu. Kifaranga mwenyewe hajaumbika, lakini moyo kazi umeshaanza."

Wanafunzi walimwita profesa huyo Mama Mayai, na jina hilo alilipokea tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mwandishi alikuwa ametumwa na jarida lake kuzungumza naye kabla hajastaafu: alianzaje utafiti wa viinitete, alikwama wapi, angewaambia nini vijana. Lakini swali alilokuja nalo moyoni halikuwa miongoni mwa hayo. Mimba yake ilikuwa imetoka mwezi uliopita, na mama mkwe alishatoa hukumu bila kuita shahidi: ni ule mfuko wa kamera aliokuwa akipanda nao ngazi. Mumewe hakusema ndiyo wala hapana. Kimya kile ndicho kilichomuuma zaidi, naye alitaka mtu mwenye elimu amwambie kama kweli alimuua mwanawe.

"Kwa nini ulichagua kazi hii, Profesa?"

"Sikuichagua, mwanangu. Nilitaka udaktari wa mifugo, nafasi zikajaa, nikapelekwa kwa mayai. Mwaka wa kwanza nilivunja mengi kuliko mpishi wa hoteli."

Mwandishi alicheka kwa adabu. Kisha akauliza, macho yakiwa sakafuni, "Na yale yasiyofika? Huwa ni nini? Kutikiswa? Mzigo?"

Profesa alinyoosha kidole mezani. "Zima hicho kinasa sauti kwanza."

Akakizima.

"Mengi hukosea mwanzoni kabisa, mama mtu hajajua hata kama ana mgeni. La kwako silijui, nisikudanganye. Ila mfuko wako siulaumu. Nimekuona ulivyouweka chini, kama mtu anayetua jeneza."

"Mama mkwe anaulaumu."

"Wangu alilaumu ndoo ya maji." Profesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti jeupe. "Wakati huo nilikuwa nafundisha haya haya. Nikamweleza mume wangu kila kitu, na michoro nikamchorea. Akaelewa. Mimi ndiye ambaye sikuelewa. Mpaka leo nikishika ndoo, mkono unasita."

Mwandishi alikuwa amekuja kutafuta tabibu, akampata mgonjwa mwenzake. Machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini hakuona haja ya kuyaficha.

Profesa alifungua mashine ya kutotoleshea, akatoa yai jingine lenye dirisha kama lile la kwanza. "Moyo wa hili umesimama tangu asubuhi. La kutupwa."

Lakini hakulitupa. Aliliweka chini ya hadubini, akachukua saa ndogo ya jikoni na kuitegesha dakika moja. Katika maabara ile hakuna yai lililotupwa kabla ya kutazamwa dakika nzima. Wanafunzi wapya walidhani ni kanuni ya sayansi, wakaipeleka hadi kwenye maabara zao wenyewe, na yeye hakuwahi kuwasahihisha.

"Umewahi kuona moyo ukirudi?" mwandishi aliuliza.

"Mara chache, yai likiwa limepoa tu. Hili halikupoa." Akasogeza kiti. "Ila siangalii kwa sababu hiyo. Keti wewe leo."

Mwandishi aliketi, akaweka jicho. Kidoa chekundu kilikuwa pale pale, kimetulia, na mishipa myembamba imekizunguka. Alikitazama kama ambavyo hakuna aliyempa nafasi ya kumtazama wa kwake.

Saa ikalia. Mwandishi hakuinua kichwa.

Profesa alinyoosha mkono akainyamazisha, akaizungusha ianze dakika nyingine, kisha akavuta kiti chake na kukaa karibu naye.