Waliosimama Ndani ya Barafu

Ijumaa asubuhi Leida alivaa viatu vyake vya misumari, akachukua chupa ya chai, akateremka ufukweni kumtazama mama yake. Kwa siku mbili upepo ulikuwa umeisukuma barafu ya Ziwa Peipsi nchi kavu, bapa juu ya bapa, hata lundo likapita mapaa ya nyumba. Watu wa mjini walikwisha kuegesha magari na walikuwa wakipiga picha.

Mama alikuwa ndani ya barafu, upande wa kusini wa lundo, shali kichwani, furushi mkononi, vilevile alivyokuwa asubuhi ile ya Machi 1949 yeye na Leida walipochukuliwa na askari kupelekwa uhamishoni Siberia. Bado alikuwa na miaka thelathini na miwili. Leida alikuwa na themanini na mmoja.

"Mbona umezeeka hivyo, mwanangu?"

"Ndiyo umri, mama. Wewe hukuufikia."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nyuma ya mama alisimama mwanamume mwenye orodha. Kila mara alilowesha penseli kwa ulimi, akaielekeza kwenye nyumba yao ya zamani, juu ya njia. Huyo alikuwa Evald, baba yake Kalju, aliyehamia nyumba hiyo mwezi uleule. Kalju anaishi humo hadi leo, na asubuhi hiyo alikuwa pale pale ufukweni, akiwauzia wageni samaki wa moshi.

"Mzee, yule mwenye penseli si ndugu yako?" mgeni mmoja akamuuliza. "Pua ni ileile!"

"Pua za Peipsi zote ziko hivi," Kalju akacheka. "Kaa hapa wiki moja, na yako itafuata."

Leida hakutaka nyumba. Umri ule, angeifanyia nini? Alitaka Kalju aseme neno moja tu: huyu ni baba yangu, ndiye aliyewaandika kwenye orodha. Tangu arudi kutoka Siberia alikuwa akilingoja.

"Kalju, unamwona?"

"Dada Leida, na wewe! Baba alituambia nyumba aliikuta tupu."

Mama akagonga barafu kutoka ndani. "Tupu? Nimeacha supu ya viazi jikoni, inachemka."

Kalju akavua kofia, akamwamkia mama kwa heshima, akasema upepo utageuka Jumapili na barafu yote itaondoka. Kisha akarudi kwa wateja wake.

Kesho yake alimwalika Leida kwenye bafu la mvuke la uani kwake, kama anavyowaalika majirani kila Jumamosi. Baba yake Leida ndiye aliyelijenga bafu lile kwa magogo, na Leida alizaliwa humo, maana enzi hizo wanawake wa ziwani walijifungulia bafuni. Alijipiga mwilini kwa matawi ya mti wa mbetula, kama wafanyavyo waogao mvuke, akalia kidogo, jasho likamsitiri. Alipotoka, Kalju alikuwa mlangoni. Leida akasimama, akamngoja aseme. Kalju akatazama kando, akauliza kama joto lilitosha.

Desturi inamtaka mgeni amshukuru mwenye bafu.

"Ahsante kwa mvuke," akasema Leida.

"Karibu tena, dada. Hapa ni kama kwenu."