Sanduku Namba Arobaini na Moja

"Kitu kikishauzwa kimeuzwa!" Chuan-fu alifoka, mfuko wa taka mkononi. "Kiwanda kina kazi gani tena na sanduku la spika la mtu?"

"Haya, msikieni fundi wa spika!" Mama Teng aliwageukia majirani waliokuwa wakingoja gari la taka mdomoni mwa uchochoro. Mama huyu aliuza nyama ya nguruwe sokoni miaka thelathini, na alipostaafu hakununua dhahabu, alinunua spika mbili ndefu kama wanawe. "Nilitoa bei ya gari, halafu kila mwaka mnatoa toleo jipya, mnanicheka. Sasa wakubwa zako wameona aibu: leteni za zamani, tuzifungue, tuzitie vifaa vipya. Wewe kinachokuwasha nini, Chuan-fu?"

"Sauti itabadilika, dada. Utajuta."

"Kwani masikio yako au yangu?"

Watu wakacheka. Mama Teng akampepea fomu usoni. "Lori linakuja kesho saa tatu asubuhi."

Chuan-fu akaiona namba ya sanduku. Arobaini na moja. 

Tangu tangazo litoke hakuwa na usingizi. Kila sanduku lililorudi karakanani alilivizia aone namba yake, kumbe alilokuwa akiliogopa lilikuwa nyumba ya pili! Miaka kumi na miwili nyuma, siku ya mwisho kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, gundi ilimwishia akiwa juu ya sanduku hilo. Basi la kwenda kwa mama yake lilikuwa linaondoka. Ubao wa kukaza ndani aliushikiza kwa misumari midogo tu, kisha akapiga muhuri wa jina lake ubavuni kwa ndani, kama kila fundi anayeapa kwamba kazi imekamilika. Nani angefungua?

Mwaka jana fundi mwenzake, Lai, alikamatwa amepiga muhuri kazi isiyokamilika. Bwana Yeh, mkuu wa karakana, aliuweka muhuri wa Lai juu ya meza, akaupasua kwa nyundo mbele ya karakana nzima. Lai, mtu mzima, alitoka akiwa ameshika ukuta. Na Chuan-fu alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu.

Wimbo ambao gari la taka hupiga likija ukasikika, kila mtu akakimbia na mfuko wake. Chuan-fu alitupa wake bila kutazama, akapanda ngazi nyuma ya Mama Teng. Mlangoni akamweleza yote, tangu gundi hadi muhuri.

 Mama Teng aliingia ndani akagonga spika ya kulia: ko. Akagonga ya kushoto: trrr.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nawaambia wageni huo mtetemo ndiyo roho yake."

"Usiipeleke, dada. Nakuomba. Nitakuja kuitia gundi mwenyewe, hapa hapa, hakuna atakayejua."

"Itakwenda. Na Yeh atasikia kwako kabla lori halijafika. Leo."

"Ataupasua muhuri wangu."

"Huenda."

Chuan-fu akatoa simu. Jasho lilimfanya aidondoshe, akaiokota, ikamponyoka tena. Mama Teng alimtazama mtu aliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini, akijaribisha maneno, "Bwana Yeh, mimi...", kwa sauti kama ya kuku aliyenyeshewa.

"Kwa sauti hiyo atadhani umeua mtu," alisema. "Vua viatu. Kuna wali na nyama ya kuchemsha kwenye sufuria. Ingia ule kwanza."