Kigari Chekundu cha Mkunga

Kwa miaka sita gari kubwa la mkunga lilikuwa mali ya ukoo mzima, na dereva ni yeye, maana wengine wote waliogopa kuliendesha kwa ukubwa wake. Shemeji akihama, makochi yanapanda humo. Binamu akinunua saruji, humo humo. Kazini alikwenda peke yake, viti sita vitupu nyuma yake vikinuka vitunguu ambavyo hata kimoja hakukila.

Siku alipokuta kinyesi cha mbuzi chini ya kiti, yalimfika kooni. Alilipeleka gari kwa muuza magari, wakabadilishana, akatoka na kigari chekundu ambacho mkoba wake tu ulijaza kiti chake cha mbele.

"Sasa waje," alijisemea. "Waje na makabati yao."

Wakaja Jumamosi. Shangazi alikizunguka kigari mara mbili, mikono kiunoni, kama anayekagua mahari.

"Kumbe una akili, mwanangu! Lile dude lilikuwa linabugia mafuta mpaka tukaona haya kukuomba."

"Haya? Nyinyi?"

"Enhe. Hiki hakili kitu. Kitanda changu tutakifungua vipande vipande, tukipeleke kwa safari nne."

"Shangazi, safari nne sina nguvu nazo. Nimekesha wodini."

"Nani kakwambia uende?" Shangazi alinyoosha mkono, kiganja juu. "Lile lilikuwa linanitisha. Hiki hata mimi nakiweza. Lete funguo, ukalale."