Wageni Wasiopenda Hewa

Karakana yetu inapaka nikeli: mabomba, vitasa, bampa za magari ya watu wanaojipenda. Mume wangu anachovya, mimi nasugua. Maji ya kusuuzia hutoka kijani, mazuri kuyatazama, sumu kuyanywa. Mkaguzi wa maji alipoyapima mtaroni hakuzunguka mbuyu: mwisho wa mwezi akikuta bado yana nikeli, anafunga karakana. Mimi nimefungiwa milango mingi maishani, ila huu ndio unaonilisha.

Ndipo wifi yangu, anayefuga bakteria kama wenzake wanavyofuga kuku, akatuletea pipa la tope jeusi.

"Humu mna wageni," akasema. "Hewa hawaitaki, wanataka molasi kidogo. Wanatumia salfa iliyomo kwenye maji yenu, wanatoa gesi. Gesi ikikutana na nikeli, nikeli inakuwa unga mweusi, inazama."

"Na hiyo gesi inanukaje?"

"Mayai viza, wifi. Utanikumbuka."

"Wewe nakukumbuka hata bila harufu."

Tukaanza kupitisha maji pipani. Karakana ikanuka hadi majirani wakaulizana nani kafa, lakini maji yalitoka maangavu kama ya mvua. Niliyainua kwenye glasi nikaduwaa. Viumbe visivyoonekana, havina mikono wala mshahara, vimefanya kazi iliyotushinda sisi wenye misuli.

Kisha asubuhi moja maji yakatoka kijani, na harufu imekatika. Zimebaki siku chache mkaguzi arudi. Wifi akaja mbio, akafunua pipa, akakuta mpira wa kompresa ukitoa mapovu.

"Nani kaweka huu?"

"Mimi," mume wangu akajibu kwa fahari. "Pipa lisilopigwa hewa halitoi kazi safi. Muulize fundi yeyote wa nikeli."

Hakusema uongo. Mapipa yetu ya kuchovyea hupulizwa hewa kutwa, la sivyo nikeli inashika na vidoadoa.

"Halafu niliwaonea huruma," akaongeza. "Wamefunikwa kama wafungwa."

"Kaka, huruma yako imewatia kitanzi."

Fahari ikamtoka usoni. "Wamekufa wote?"

Wifi akazamisha fimbo hadi chini, akatoa tope, akalinusa kama mtu anayechagua manukato. "Wa juu wamezidiwa. Wa chini wamejichimbia. Hawa walikuwepo kabla dunia haijapata hewa hii tunayoivuta. Hawafi kirahisi."

Akang'oa mpira, akawapa molasi, akabana kifuniko, akatukataza kusuuza chochote. Mume wangu akahamishia kigoda chake kando ya pipa, akakaa kama mtu anayeuguza ndugu. Hata kukohoa alikohoa pembeni.

Siku ya mkaguzi ilipofika aliniita kabla sijavua viatu. "Mama watoto, njoo unuse."

Nimewahi kuitiwa mengi na wanaume, uvundo haukuwamo. Nikanusa, nikacheka hadi machozi. Tukafungua bomba la chini: maji maangavu.

Mkaguzi alipima, akafuta kipimo chake, akapima tena. "Mmenibadilishia maji?"

"Sisi hatukugusa," nikamwambia. "Waulize mafundi waliomo humo."

Akachungulia pipani, leso puani, akatingisha kichwa taratibu kama mtu aliyeshindwa kwa haki. Akaenda zake, karakana akaiacha wazi.

Mume wangu akamvuta dada yake kando. "Hawa wanakula tena lini?"

"Kesho."

"Na wakisikia njaa leo?"