Ratiba ya Siku Nne Helsinki

Nilikuwa nimefika siku ya tatu ya ratiba. Ukurasa ulikuwa na safu mbili, saa upande wa kushoto na shughuli upande wa kulia, na kazi yangu ilikuwa kutoa jina la zamani, kuweka jipya, kisha kubadilisha tarehe. Jepkemboi alikaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti, akikariri kila mstari niliomaliza.

"Siku ya tatu unafanya nini?" nilimuuliza, kama ofisa wa viza atakavyomuuliza.

"Asubuhi napanda feri naenda kisiwani kuona ngome ya zamani. Nakula samaki sokoni, karibu na maji. Halafu..." Akaangua kicheko. "Mama Selpha, hapa mmeandika saa nne usiku natembea ufuoni, jua likiwaka. Jua gani hiyo ya saa nne usiku? Ng'ombe wa huko wanajua aje saa ya kukamuliwa?"

"Ukicheka hivyo mbele ya ofisa utarudishwa kwenu Ainabkoi ukapande viazi."

"Viazi naijua. Hiyo jua ndiyo siijui."

Diana ndiye aliyemleta, saa nane mchana. Ni mama nadhifu, mwenye sauti ya upole, na hajawahi kunijibu vibaya. Alimpata Jepkemboi kwenye kambi ya mazoezi huko Kaptagat, baada ya goti kumtoa mbioni. Akamwambia kuna wazee wawili Helsinki, mke na mume, wanaopenda wanariadha, na kwamba wangemkaribisha apumzike: siku nne za kutembea polepole na kuona mji, bila haraka yoyote. "Fungua ile ratiba tulifanya ya Joy, yule wa safari iliyopita," aliniambia. "Badilisha jina na tarehe, basi. Na umfundishe maswali." Kisha akaenda kwa shughuli zake.

Kazi ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, ndivyo ilivyo. Hakuna anayeandika barua upya ikiwa ya jana bado iko kwenye kompyuta. Mimi kompyuta nilijifunza mwenyewe, mwaka wa kumi na moja sasa, na nilijiwekea desturi mbili: kila faili nalihifadhi kwa jina la mwenyewe na tarehe, na kila ninachoandika nakihakikisha, hata kama mteja hajaniomba. Kwa hiyo nikaenda kutafuta habari za hilo jua.

Ni kweli. Helsinki jua huwaka saa nne usiku, mwezi wa Juni. Joy alisafiri Juni. Jepkemboi alitakiwa kusafiri tarehe ishirini Januari, na Januari huko jua huzama karibu saa kumi alasiri, na mtu akisimama ufuoni usiku anasimama gizani, kwenye theluji.

"Hapa itabidi tubadilishe," nilisema. "Ofisa akisoma hii ataona hujui unakoenda."

"Si auntie alisema ni jina na tarehe tu?"

"Labda hakuangalia."

Niliamini hivyo. Watu wengi hawaangalii. Lakini nilipokuwa nikirekebisha nilishuka hadi siku ya nne, siku ya kurudi nyumbani. Penye nambari ya ndege ya kurudi, katika karatasi ya Joy, palikuwa na neno moja: *itajazwa*. Nilikumbuka kuliandika mwenyewe. Diana aliniambia ataijaza akishapata tikiti. Nikageuka.

"Jepkemboi, ndege yako ya kurudi ni saa ngapi?"

"Auntie ndiye anajua."

"Na pasipoti yako?"

"Iko na yeye. Alisema nitaipoteza." Akainua mabega. "Si tumuulize huyo Joy? Anieleze baridi ya huko iko aje, nijue kama sweta ya mamangu itatosha."

Lilikuwa wazo zuri, na nilipaswa kulipata mwenyewe. Kwenye fomu ya Joy kulikuwa na nambari ya mtu wa nyumbani, kaka yake, Murunga. Nikapiga, nikaweka spika ili Jepkemboi asikie.

"Habari yako. Naongea na Murunga, kaka yake Joy?"

Nilisikia injini ya lori ikizimwa.

"Mmempata?" alisema.

Jepkemboi alikuwa akitabasamu, na tabasamu likabaki usoni kwa muda kabla ya kuondoka.

"Samahani," nilisema. "Nilitaka tu kumuuliza Joy habari za safari yake. Hajarudi?"

"Mama, wewe ni nani?"

Nilimwambia jina langu. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika ratiba ya Joy.

"Ni wewe uliandika," alisema. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. "Alienda siku nne. Siku ya tatu alituma picha ya bahari na ngome fulani, yeye mwenyewe hayuko kwa hiyo picha. Nikamwambia jipige na wewe tukuone. Hakujibu. Simu ikazimwa. Sasa inaenda miezi saba. Polisi wananiambia ni mtu mzima, labda amependa huko."

"Na Diana?"

"Namba yake haiingii tangu Julai. Mama, wewe unajua Diana yuko wapi?"

Nilitazama nambari ya Diana kwenye simu yangu. Ilikuwa mpya. Alinipa wiki mbili zilizopita, akasema ile ya zamani ilipotea pamoja na simu.

"Kesho saa tatu asubuhi anakuja hapa kuchukua karatasi," nilisema.

"Mimi niko Malaba, mpakani, na mzigo. Nitaendesha usiku nifike saa moja asubuhi. Tafadhali, usimwambie kitu."

Simu ilipokatika, Jepkemboi aliushusha ule mguu polepole kwa mikono miwili.

"Labda alipata mchumba," alisema. "Watu hupata."

"Labda."

"Nimeshaombewa kanisani, Mama Selpha. Walinisimamisha mbele. Mzee wa kanisa alilia. Sasa nikirudi niseme nini, eti jua haikuwa sawa?"

Sikutaka kumhukumu Diana kwa maneno ya mtu ambaye sijamwona. Nilimwambia nilichokijua tu: kwamba Joy alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, na kwamba niliandika siku ya kurudi bila kuuliza.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ni Diana. Jepkemboi akaweka spika bila mimi kumwambia.

"Mrembo, imeisha?"

"Bado, auntie. Siku ya nne haijaisha. Mama Selpha anauliza ndege ya kurudi."

"Siku ya nne nani husoma? Mwambie aprinti hivyo hivyo. Nimetuma gari, iko karibu. Leo utalala kwangu, tuamkie Nairobi saa kumi alfajiri."

"Si ulisema ni saa tatu?"

"Mipango imebadilika, mrembo."

Jepkemboi alinitazama. Nilielekeza kidole kifuani pangu, kisha upande wa Kimumu, ninakokaa.

"Auntie, nitalala kwa mtu wetu, Kimumu. Tukutane hapa kesho."

"Mtu gani?" Sauti ilikuwa bado ya upole. "Uliniambia huna mtu Eldoret."

"Nimempata leo," Jepkemboi alisema, akakata.

Nilimwandikia Murunga kwamba huenda Diana asisubiri hadi saa tatu, na kwamba pasipoti ya msichana iko kwake. Akajibu kwamba ameshaanza safari. Nikahifadhi faili kwa jina la Jepkemboi na tarehe ya leo, kisha nikanakili lile la Joy kwenye flashi, kwa ajili ya polisi, nikaitia kwenye soksi. Siku ya nne niliiacha wazi. Nilikuwa nimefuta neno *itajazwa* na sikuwa na la kuweka mahali pake.

"Kesho tutaendelea," nilimwambia.

Nikazima kompyuta. Mbele ya duka gari likasimama, likapiga honi mara moja tu, taratibu. Nikamshika Jepkemboi mkono, tukapita kati ya maboksi ya karatasi hadi mlango wa nyuma.